Wali wa Njiani, Kutoka Tanga Hadi Lushoto

Jumatatu, Tanga mjini

Mzunguko wetu huanzia Ngamiani. Mimi na mjomba tunapeleka khanga na madira kwa wateja wa jumla: Pangani, Muheza, Korogwe, Mombo, kisha tunapanda Lushoto na kurudi. Mjomba anaendesha, mimi nashika daftari la madeni. Usiku tunalala gesti, alfajiri tunaingia barabarani. Maisha haya tumeyazoea, lakini tangu mjomba aambiwe ana presha, chakula kimekuwa habari kubwa kuliko mauzo.

Sina neno baya kwa mama ntilie. Wametulisha miaka mingi, na wengine tunawaita mama kwa moyo wote. Ila chumvi ikishaingia kwenye sufuria ya watu arobaini haitoki kwa ajili ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa staftahi, chakula cha mchana na cha usiku. Samaki wa kukaanga, maharage na kachumbari ya mgahawani vikikutana kwenye sahani moja, sehemu kubwa ya kijiko hicho imekwisha, na jua bado liko utosini.

Kwa hiyo nyuma ya gari, katikati ya marobota, kuna ndoo yenye kifuniko. Ndani yake mna raiskuka, yaani sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya lita 1.8 yenye nguvu ya wati 700 na kile kichujio chake cha kupikia kwa mvuke, mwiko wa mbao, kisu, kibao, sahani za bati, vichupa vya iliki, bizari nyembamba na pilipili manga, na mfuko wa mchele. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu tunanunua tunapofika. Chumvi ipo, nayo hupimwa kwa kijiko, si kwa kiganja.

Leo nimepika wali wa nazi, na hapa ndipo wengi wanaposema raiskuka haiwezi. Wanatia tui lote zito tangu mwanzo, kitufe kinaruka mapema, wali unabaki na kiini kigumu na chini umeshika. Sababu yake iko kwenye ufanyaji kazi wa chombo chenyewe. Chini ya sufuria, katikati ya bamba la moto, kuna kitako kidogo kinachosukumwa na springi. Ndani yake mna sumaku. Maji yakiwemo, sufuria haipandi sana zaidi ya nyuzijoto 100, kwa sababu moto wote unaishia kwenye kuchemsha. Maji yakinywewa na mchele, joto la chini linapanda haraka, sumaku inapoteza nguvu yake ya kuvuta, kitufe kinaruka, na chombo kinahamia kwenye kuweka joto. Raiskuka haijui saa wala haijui wali. Inachojua ni kwamba chini pamekauka. Tui zito lina mafuta na sukari, vinatulia chini na kushika, na pale chini panapata moto kabla mchele haujaiva.

Dawa yake ni ile ile ya bibi zetu. Nimenunua nazi sokoni, nikakuniwa palepale, nikakamua tui la kwanza nikaliweka pembeni kwenye bakuli. Tui la pili, jepesi kama maji ya kuoshea mchele, ndilo nililopikia. Wali ulipoanza kuonyesha vitundu juu na maji kupotea, nikafungua haraka, nikamimina tui la kwanza, nikapitisha mwiko mara moja, nikafunika. Kitufe kiliporuka niliuacha robo saa bila kufungua. Wali ulitoka mweupe, umeachana, na harufu ya nazi ikatoka hadi koridoni. Chumvi ilikuwa nusu ya nilivyozoea, na iliki mbili zilizopondwa zilifidia.

Neno moja juu ya kipimo. Kikombe kinachokuja na raiskuka ni cha mililita 180, kipimo cha kale cha Wajapani, ambao ndio waliokitoa chombo hiki madukani mwaka 1955 kupitia Toshiba. Kikombe cha chai cha nyumbani ni kikubwa zaidi. Mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inahesabu vile vikombe vidogo. Ukipima mchele kwa kikombe cha nyumbani ukafuata mistari ya sufuria, utakula wali mgumu na kulaumu mchele.

Jumanne, Pangani

Tumefika kabla ya saa nne. Mteja wetu alichagua madira kwa utulivu wa watu wa Pangani, kila moja akilitandaza na kulikunja, na mjomba akapata muda wa kushuka pwani kwa wavuvi. Amerudi na changu wawili, macho maangavu, mashavu mekundu ndani. Wamekwanguliwa magamba hukohuko.

Samaki huyu ndiye aliyenifanya niipende raiskuka kuliko jiko lolote la safari. Wali unachemka chini, samaki anaiva juu kwa mvuke uleule, bila umeme wa ziada. Nimewachanja changu ubavuni, nikawapaka kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili manga, ndimu nyingi, na jani la mchaichai nililochuma kwa ruhusa ya mwenye gesti. Chumvi nilinyunyizia kidogo tu ndani ya tumbo. Siwaweki tangu mwanzo, kwani watalegea na kukatika. Nasubiri wali uchemke dakika kumi hivi, ndipo napandisha kichujio. Wanahitaji kama robo saa. Nyama ikiachia mfupa na kuwa nyeupe hadi ndani, wameiva. Maji ya samaki yanadondokea kwenye wali, na sioni kwa nini mtu ayamwage.

Umeme ukakatika katikati. Mjomba akainuka kitandani.

"Basi tena, mwanangu. Twende tukatafute chapati."

"Subiri mjomba. Usifungue."

Ukifunua kifuniko umeupoteza mvuke, na mvuke ndio moto uliobaki. Wali uliokwisha kunywa maji unaweza kujimalizia wenyewe kwa joto la ndani ukiachwa umefunikwa na kuzungushiwa khanga. Samaki sitamwamini hivyo. Raiskuka ya kitufe, kama hii yetu, ina faida hapo: umeme ukirudi, kitufe kiko palepale kilipokuwa, inaendelea na kazi. Zile za kisasa zenye skrini na vibonyezo vingi, nyingi husahau, na inabidi uanze upya. Kwa mtu wa njiani nasema bila kusita, nunua ya kitufe kimoja.

Umeme ulirudi kabla sijamaliza kukata nyanya. Niliwaongezea samaki dakika zao, tukala uani. Mjomba alichambua kichwa chote cha changu, na hilo kwake ndilo neno la shukrani.

Jambo ambalo halina mzaha: umeme ukikatika muda mrefu, wali usikae sufuriani hadi asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao zinastahimili kupikwa, na wali ukibaki vuguvugu wanazaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali uwe wa moto hasa, zaidi ya nyuzijoto 60, ama uliwe, ama uingie kwenye friji. Harufu siyo kipimo.

Jumatano, Muheza

Tulikata kwa barabara ya ndani, kushoto na kulia michungwa. Nilinunua machungwa ya kumtosha mjomba wiki nzima, maana akiwa na chungwa mkononi haulizii soda.

Gesti ya leo ni ngeni kwetu. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: HAIRUHUSIWI KUPIKA CHUMBANI. Mimi siingizi chombo kwa kujificha. Nyumba ni ya mtu, umeme ni wa mtu, na moto ukitokea ni wa wote. Nikaenda kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima, amekaa kwenye mkeka anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmepata chumba kizuri?"

"Kizuri mama, ahsante. Nina ombi. Mjomba wangu ana presha, halishwi chumvi. Naomba nipike wali kwa umeme, hapa uani, siyo chumbani."

Akatikisa kichwa. Kuna mpangaji aliwahi kuchemsha maji kwa hita chumbani, soketi ikaungua, na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikala pesa. Hofu yake ni ya haki kabisa. Hita ya maji na pasi ni wati elfu moja na zaidi, tena watu huzichomeka zote kwenye ekstensheni moja nyembamba iliyoviringishwa, ambayo inapata moto pale ilipojikunja. Nikamletea raiskuka, nikamwonyesha lebo chini: wati 700. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 3 tu, na soketi ya ukutani yetu ni ya ampea 13. Nikamwambia nitachomeka moja kwa moja ukutani, na tusome LUKU kabla na baada.

Akamwita mjukuu wake asome namba. Tulipika vikombe vitatu vya mchele. Kitufe kiliporuka mtoto akakimbilia mita tena. Tofauti ilikuwa chini kidogo ya 0.3 ya uniti. Yule mama hununua umeme wa elfu moja na kupata uniti 2.8, kwa hiyo hesabu ilimjia kabla yangu.

"Mia moja na kidogo? Mkaa wa mia utachemsha nini siku hizi?"

Mjomba alimwekea shilingi mia tano, na hiyo ndiyo kawaida yetu kila tunapolala. Yule mama akazikataa, akazikubali, kisha akatuletea bakuli la kisamvu cha nazi kilichokuwa jikoni kwake. "Sijakitia chumvi bado," akasema. "Mpe mgonjwa wako." Nilishindwa kujibu vizuri.

Usiku nililoweka maharage kwa ajili ya Korogwe. Maharage kwenye raiskuka yanawezekana, lakini lazima uelewe mambo mawili. La kwanza ni la afya. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, tia mengine, na yachemke kwa nguvu nusu saa kwa uchache kabla ya kuanza hata kufikiria kama yameiva. Usiyaache kwenye kuweka joto ukidhani yatalainika polepole. La pili ni la mfuko. Maji yakiwa mengi kitufe hakiruki, chombo kinavuta wati 700 muda wote, na saa mbili za maharage ni uniti 1.4, kama shilingi mia tano. Kwa hiyo mara nyingi nachagua choroko. Zinaiva haraka, na zikipata nazi hakuna anayekumbuka maharage.

Alhamisi, Hale na Korogwe

Asubuhi nilipika wali wa karoti na njegere kabla hatujaondoka. Kitufe kiliporuka nikaacha robo saa, nikachomoa, nikaizungushia raiskuka nzima khanga mbili na blanketi, nikaibana kwenye kikapu katikati ya marobota. Saa sita tulipofungua mvuke ulitupiga usoni. Hii ndiyo njia yangu ya kupika kwa ajili ya barabarani, na nimeichagua baada ya kuzungumza na fundi wa umeme wa magari, kwa sababu mjomba alitamani inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani.

Fundi alitupigia hesabu kwa chaki kwenye ubao wa mbao. Wati 700 kwa betri ya volti 12 ni karibu ampea 60, na zinazopotea ndani ya inveta zinaisogeza karibu na 70. Tundu la kiberiti la gari lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 basi. Ukitaka kupikia garini lazima waya nene itoke moja kwa moja kwenye betri, iwe na fyuzi yake, na injini iwe inanguruma. Gari letu lina marobota ya nguo hadi kwenye dari. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Blanketi linatosha."

Hale tulisimama. Mto Pangani, uleule tuliouona juzi ukiingia baharini, hapa unafanyishwa kazi. Kituo cha Hale kinazalisha megawati 21 tangu mwaka 1964, na mbele yake kidogo kuna maporomoko ya Pangani yenye mitambo ya megawati 68 iliyoanza miaka ya tisini. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanafika hapa. Tulikula wali wetu ndani ya gari, milango wazi, na mjomba akanieleza jinsi alivyokuwa akija hapa na baba yake kununua samaki wa mtoni.

Segera hatukusimama. Korogwe tuliuza vizuri, tukapika yale maharage kwa kitunguu, nyanya, bizari na ndimu ya mwisho. Ndimu ikitiwa mwishoni, baada ya kuzima, ulimi haudai chumvi. Ikitiwa mapema pamoja na nyanya nyingi, maharage yanachelewa kulainika.

Ijumaa na Jumamosi, Lushoto

Kutoka Mombo barabara inaanza kujipinda, kona juu ya kona, hadi Soni na maporomoko yake, halafu Lushoto na baridi yake. Mjomba alivaa koti. Mimi nilikwenda sokoni kabla ya kwenda kwa mteja, kwa sababu soko la Lushoto likiwa na mboga zake linanipa furaha ambayo siwezi kuificha: kabichi, karoti, njegere, viazi, liki, figili, peasi, na wauzaji Wasambaa wanaokuongezea kitu juu ya fungu bila kuombwa.

Huku juu raiskuka inahitaji akili nyingine. Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ikipungua uzito, maji yanachemka mapema. Kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza nyuzijoto moja. Hapa maji yanachemka kwenye 95. Yanatokota sawasawa, yanatoa mvuke, lakini ni ya baridi kuliko ya Pangani, na mchele unaivishwa na joto, siyo na kelele za maji. Mgeni akipika kwa kipimo cha pwani atapata wali mgumu katikati.

Ninachofanya ni kuloweka mchele nusu saa, kuongeza maji robo kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele, na kitufe kikiruka kuuacha umefunikwa dakika ishirini badala ya kumi na tano. Maharage huku siyagusi kabisa ndani ya raiskuka. Yatakula umeme hadi usiku wa manane.

Badala yake Ijumaa ilikuwa supu. Viazi, karoti, liki, njegere, kipande cha tangawizi, pilipili manga, na maziwa kidogo mwishoni. Nilijaza sufuria nusu tu, kwa sababu ikizidi hapo povu linatoka kwenye tundu la mvuke na kushuka hadi kwenye waya. Kitunguu nilikikaanga humohumo kwanza kwa mafuta kidogo. Kitufe kitaruka upesi kwa sababu hakuna maji, nacho kiache kiruke, subiri kidogo, bonyeza tena. Nimeona watu wakikikandamiza kwa kijiti au sarafu ili kisiruke. Wasifanye hivyo. Ndani kuna fyuzi ya joto ambayo ikikatika chombo kimekufa mpaka kwa fundi, na ikishindwa kukatika hapo mna hatari ya moto.

Jumamosi tulikaa siku nzima kukusanya madeni. Mjomba akaulizia ugali. Nilimkatalia, kwa upendo. Ugali unahitaji kusongwa kwa nguvu, na sufuria ya raiskuka imekaa juu ya springi ya kile kitako. Ukiisukuma inazunguka, inabonyea, inajikwaruza, na siku ya pili kitufe hakieleweki tena. Ugali tulikula kwa mama mmoja karibu na stendi, ambaye alikubali kumpikia mjomba mchicha wake pembeni bila chumvi.

Baada ya chakula niliosha chombo kama ninavyofanya kila usiku: kitambaa laini, si steli, kisha nafuta chini ya sufuria na juu ya bamba hadi pakauke. Punje moja ya wali ikinaswa hapo katikati, sufuria haikai sawa, na kitako kinasoma uongo.

Jumapili, Mombo

Tumeshuka mapema. Mombo wanalima mpunga kwa maji ya mfereji, na mimi siondoki hapa bila mchele. Nilichukua kilo kumi, mpya, wenye harufu. Mchele mpya una unyevu wake, kwa hiyo maji yanapungua: kwa kikombe kimoja natia kimoja na robo, siyo kimoja na nusu. Mwuzaji alituruhusu kuchomeka dukani kwake ili tuuonje.

Dereva wa lori aliyekuwa akisubiri gurudumu lake kwa fundi alisogea kuangalia. Akauliza kama anaweza kuwa nayo kwenye lori, maana yuko njiani kwenda Arusha na anakula popote anapofika. Nilimweleza kuwa hii yetu haimfai, lakini zipo ndogo zilizotengenezwa kwa volti 24 za lori, zinachelewa kidogo ila zinaivisha. Asome lebo kwanza, asiichanganye na ya volti 12, na amwone fundi kuhusu fyuzi ya tundu lake. Aliandika kwenye simu.

"Na chumvi?" akauliza alipoonja choroko.

"Kamulia ndimu," mjomba akamjibu kabla yangu, akamsogezea sahani.

Tulikula watu wanne pamoja na mwuza mchele, tukalipia umeme, na saa nane tukaondoka kwenda kumalizia madeni ya Korogwe.